Baba Alikataa Kukaa

Mpemba, Tunduma
12 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Watson,

Hujambo huko Afrika ya Kati? Ile malaria imekwisha kabisa? Mwili umerudi? Sisi tu wazima, ila mama anakohoa kidogo kwa baridi hii. Barua hii nampa mwenzako Sebastian anayemaliza likizo, asipoifikisha mdai.

Uliniuliza kama ukija likizo Septemba baba atakupokea. Nilishindwa kukujibu. Tangu ulipoacha shamba la mpunga Kamsamba ukaenda jeshini, miaka sita hii, hajakutaja kwa jina. Ni "yule" tu.

Basi Jumamosi nilimpeleka Vwawa kutazama mechi ya ligi. Baba na mpira unawajua, hata angekuwa kitandani angekwenda. Kumbe siku hiyo timu yetu imeandaa heshima kwa wanajeshi. Bendi ya jeshi ikazunguka uwanja, wachezaji wakaingia na fulana za kijani zenye maneno ya shukrani, nami machozi yakaanza kunilengalenga mapema.

Kisha mtangazaji akaomba kila mwenye ndugu anayelinda amani nje ya nchi asimame apigiwe makofi. Nikasimama peke yangu katika safu yetu. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Sikumgusa wala sikumsemesha. Mara nikasikia fimbo inagonga zege, naye huyo amesimama, kofia mkononi.

Makofi yakaisha, watu wakakaa, mpira ukaanza. Baba wima. Nikamvuta koti, wapi. Waliokuwa nyuma wakalalamika kwamba hawaoni, na mmoja akamwomba kwa heshima akae. Baba hakugeuza hata shingo.

"Nimeambiwa nisimame kwa ajili ya Watson," akasema. "Bado hajarudi."

Jina lako, mdogo wangu, mbele za watu. Yule jamaa akahamia pembeni. Nilijivuna mpaka leo sijui bao letu alifunga nani. Baba alisimama hadi filimbi ya mwisho.

Mama, shemeji yako Amoni na mwanangu Faith wanakusalimu sana. Mungu akufunike huko uliko, akurudishe na viungo vyako vyote. Njoo Septemba bila wasiwasi, umkalishe mzee. Magoti yanamuuma tangu Jumamosi.

Dada yako akupendaye hadi kuringa,
Roda