Kivuli Changu Mlangoni kwa Mama

Mahabibo, Mahajanga
Mfungo Pili, 1986

Kwa Dada Echata, Marodoka

Dada yangu mpenzi, salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Goti lako limepoa? Na paa la jikoni, bado linavuja? Sisi wazima, ila Hachimia anaota meno, na titi langu amelifanya mswaki.

Nakuandikia kwa Kiswahili na herufi za Kiarabu za chuoni, kama marehemu bibi alivyotufundisha. Mama mkwe anazijua lakini macho yake hayaoni tena, na mume wangu Tadjiddine alikimbia chuo kabla alifu haijamkaa. Yeye ni Kifaransa tu.

Unakumbuka ile kamera niliyokuja nayo Idi, mkanicheka nimelala chali uani nikitafuta ncha ya ukuta? Tadjiddine ndiye aliyenipa. Yule mjenzi aliyemwajiri alitaka picha za nyumba za kale zikiwa bega kwa bega na majengo mapya. Tadjiddine akasema mwanamume haingii nyua za watu, lakini mimi na mtoto mgongoni nani atanifukuza? Ee dada, nilifurahi! Tangu nihamie huku sikuwa natoka ila sokoni, na hata huko mama mkwe hutema mate chini akaniambia nirudi kabla hayajakauka, kama mtoto anayetumwa chumvi.

Filamu ya kwanza haikutoka kitu. Sikuishikisha vizuri kwenye meno ya kamera, nikawa napiga hewa kutwa. Ya pili, Mzee Djaanfar wa studio alicheka mpaka akavua miwani. Aliniuliza nimetumwa kupiga nyumba au kujipiga mwenyewe, maana jua nililipa mgongo, na kila picha ina kivuli changu, kichwa cha Hachimia kimechomoza begani kama nundu. Ila moja aliisifu: mlango wa nakshi ulioliwa na chumvi, na ubavuni pake ukuta wa saruji, nondo zimesimama juu kama nywele zisizosukwa. Alisema jicho ninalo, kilichobaki ni subira.

Juzi nikaulizia picha za nyumba yetu, hiyo unayokaa. Tadjiddine akasema anazo mjenzi, amekipenda kiwanja. Atabomoa, ajenge hoteli ya ghorofa kwa hao wageni wanaojaa Ambatoloaka, hapo kisiwani kwenu. Nikamwambia nyumba ile ni ya mama, inakwenda binti kwa binti, mume haiuzi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba hakuiuza yeye, nimeiuza mimi.

Dada, nisamehe. Siku aliponipa kamera alinipa na karatasi ya Kifaransa, akasema ni ya kuipokea. Nikaandika jina langu taratibu, herufi moja moja, nikajiona msomi. Kumbe ilikuwa nusu yangu ya nyumba.

Nililia. Mama mkwe akasema mke mwenye nyumba kwao huwa na mguu mmoja nje, sasa nitatulia. Kamera imechukuliwa, na sokoni siendi tena. Barua hii anaitoa mke wa Djaanfar chini ya buibui lake.

Lakini bila jina lako karatasi ile haina nguvu. Tadjiddine atakuja kwako na kanga mpya na ile sauti yake ya asali. Usiandike kitu, hata akikuambia ni ya kupokea mchele. Ndani ya bahasha kuna picha moja, Djaanfar amenisafishia kwa siri kutoka filamu aliyobaki nayo. Itazame juu ya mlango, yanasomeka maneno aliyochora baba kwenye chokaa mbichi, na jina la mama ndani yake: Nyumba ya Kouraichia na mabinti zake. Mpelekee maalim wa msikitini, ayaone kwa macho yake, awe shahidi hata ukuta ukibomolewa. Na chini ya maneno, mlangoni, kivuli ni mimi na mwanangu, kama watu wanaobisha hodi.

Niwekee chumba cha nyuma. Nitakuja kwa njia gani sijui, ila nitakuja, inshallah.

Msalimie shangazi Chamsia na kila anayeniuliza. Hachimia anakubusu mkono. Na mimi natema mate hapa kizingitini, dada yangu: nijibu kabla hayajakauka.

Mdogo wako,
Nafissa