Maji ya Moto Yasiyo na Moshi

Dada yangu,

Sisi tupo, ila kifua cha mama bado. Daktari amesema moshi wa mkaa ndio unammaliza, kwa hiyo nimefunga juu ya paa mtambo wa kupasha maji kwa jua. Fundi aliniambia tangi na kioo chake vilikula moto mwingi kiwandani vilipotengenezwa, lakini maji yatakayopashwa na jua yataufidia wote kwa miaka miwili hivi, halafu miaka inayobaki ya mtambo ni faida tupu.

Mama hakuamini, akawasha jiko kupasha maji kama kawaida. Nikamwambia akinge mkono bombani. Akaruka.

"We mtoto, nani anachochea huko juu?"

Nikamwonyesha jua. Akalitazama, kisha akamwagia jiko maji mwenyewe.

Ulisema utakuja kumchukua akae kwako, mbali na moshi. Naomba umwache kwanza.

Mdogo wako aliyebaki nyumbani