Lango la Soko Lako Liko Wapi?

Kwa Nyambura, uliyebeba jina langu,

Habari za Nakuru? Sisi huku Chaka tuko salama, ni baridi tu inatusumbua. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Uliniuliza kama ni haki wewe unayeuza viatu kwa simu utozwe kodi kama anko wako Kariuki, mwenye duka la viatu hapa Chaka. Nimelala na hilo swali na kuamka nalo.

Nikiwa msichana niliuza karoti Karatina. Sisi wa ndani ya soko tulilipa ushuru langoni. Rafiki yangu Wairimu aliuza nje ya ua wa soko, hakulipa, na wateja walimfikia kwanza. Nilimkasirikia sana. Lakini nani hununua karoti na udongo wake? Bomba la maji lilikuwa ndani. Basi kila asubuhi alinipitishia gunia juu ya ua, nami nikamwoshea kwa maji ya ushuru wangu, tukipiga stori. Mpaka leo sijui kwa nini.

Nikisema ulipe, nakuumiza. Nikisema usilipe, Kariuki atafunga duka. Na hilo soko lako, ati halina hata lango. Utatozwa ukipitia wapi?

Jana nilikuwa dukani kwa Kariuki; mteja alijaribu kiatu, kikamtosha, akaniomba nimshikie akipige picha. Nikakishika vizuri kionekane. Kwenye simu yake niliona anakutumia wewe hiyo picha, akikuuliza bei yako. Nilipogeuka, Kariuki alikuwa ananitazama.

Sasa nieleze wewe, mama: nilikuwa nimesimama ndani ya ua, au nje?

Ni mimi cucu, bibi yako,
Nyambura