Walidhani Nimefunga

Jumatatu, 3 Juni
Tumeponda mawe ya dhahabu tangu asubuhi. Nimefungua kazi kwa sala, mimi ndiye mama wa maombi wa kikundi chetu cha wanawake waponda mawe. Viungo vinauma. Sijamwambia mtu. Mchana mwenzetu Nyangi amenililia, mumewe amehamia machimbo mengine na hapigi simu. Nikamwombea. Wankuru naye akaja na shida ya mtoto wake. Nikamwombea. Nimerudi sina nguvu hata ya kuwasha moto.

Jumatano, 5 Juni
Homa. Ugali haushuki. Nimekaa pembeni kimya, chakula changu nikampa Nyangi. Nikamsikia Wankuru akiwaambia wenzake wasinisumbue, mama amefunga. Kweli nikifunga huwa nakaa hivyo hivyo. Nilitaka kusema. Aibu. Mimi ndiye wa kuwatia moyo.

Ijumaa, 7 Juni
Sijatoka. Wamepita wakienda kuponda, na walipofika mlangoni pangu wakashusha sauti. Heshima hiyo. Nimelia. Bwana Yesu, wananipenda na nina hasira nao. Maji ya kunywa humu ndani yameisha.

Jumamosi, 8 Juni
Bhoke amekuja. Ndiye mchekeshaji wetu, nimemkanya mara nyingi kwa kucheka kwenye sala. Kaingia na uji wa wimbi, anasema hata malaika wakiunusa watavunja mfungo. Kisha akaniona vizuri.

"Mama Ghati, umefunga au unaumwa?"

"Naumwa."

Machozi yakanitoka. Akanipakia bodaboda, akakaa nyuma yangu akinishikilia mpaka zahanati. Malaria, tena imepanda. Wakati wa kurudi alikuwa kimya. Nikamuuliza ana nini. Akasema kuna siku na yeye hataki kuchekesha mtu, lakini akinyamaza wanamuuliza kanuna nini. Miaka yote hii sikujua. Nikamshika mkono.

Jumapili, 9 Juni
Nimemeza dawa, homa imeshuka. Bhoke amewaambia naumwa. Baada ya ibada wamekuja wote, na ndizi, na maziwa ya mgando. Wamechota maji, wamefua. Wankuru kaniomba msamaha, nikamwambia kosa ni letu sote. Walipotaka kuondoka wakainamisha vichwa, wakanisubiri mimi.

"Leo niombeeni ninyi."

Mwishowe Nyangi akaanza. Akapotea katikati, akarudia mwanzo. Bhoke alikaa miguuni pangu, hakuchekesha mtu. Nikajilaza ubavu, nikasikiliza mpaka amina.