KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUITATHMINI KATAMARANI "NASMA" KUWA MAKAZI YA BI SHAMSIYA

Familia ya marehemu Mzee Nassor bin Hilal, Nguvumali, Tanga

TAREHE: Jumamosi, 8 Februari 2025
MAHALI: Ndani ya chombo chenyewe, ghuba ya Tanga hadi mbele ya Kigombe na kurudi

WALIOHUDHURIA
1. Marwan Nassor – mtoto wa kwanza, Mwenyekiti
2. Khuloud Nassor – binti, mkazi wa Pongwe, mjumbe
3. Luay Nassor – kitinda mimba, mjumbe na mwangalizi wa chombo
4. Bi Shamsiya – mama mzazi, mhusika
5. Ghadir – mke wa Mwenyekiti, Katibu

ASIYEHUDHURIA
Hashil Nassor, yuko Maskati. Alituma ujumbe wa sauti mrefu ambao haukusikika kwa sababu ya upepo.

KUMB. NA. 1/2/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao ufukweni saa tatu asubuhi kwa Fatiha, akawakumbusha wajumbe kilichowaleta. Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Bi Shamsiya alitangaza kwamba kabla ya Ramadhani atahama nyumba ya Nguvumali, anakoishi na Mwenyekiti na Katibu, aende kukaa na Luay katika chombo hiki. Hapo ndipo kamati ilipoundwa, ipime kama chombo kinafaa kukaliwa muda mrefu na mtu wa umri wake.

Bi Shamsiya alirekebisha kwamba yeye hakuomba kamati, aliomba mtu wa kumbebea sanduku. Marekebisho yalipokelewa.

Mjumbe Khuloud aliomba iandikwe kwamba mtu hahami nyumba aliyokaa tangu uharusi wake pasipo kuchoshwa, na kwamba aliyemchosha Mama anajulikana. Baada ya kusema hayo alimtazama Katibu. Katibu aliendelea kuandika.

KUMB. NA. 2/2/2025: KUPANDA CHOMBONI
Wajumbe walivushwa kwa kiboti cha mpira. Bi Shamsiya alikaa mbele, akakataa kushikwa mkono. Mwenyekiti alivaa jaketi la kujiokolea tangu ufukweni, na alipofika chomboni akaomba la pili. Alieleza kwamba alifanya hivyo ili kuwaonyesha wengine mfano. Katibu aliagizwa kuandika sababu hiyo, na ameiandika.

KUMB. NA. 3/2/2025: TAARIFA YA MWANGALIZI WA CHOMBO
Luay alieleza kwamba katamarani ni kama boti mbili nyembamba zilizounganishwa juu kwa sitaha moja pana, na ndiyo maana hailali upande kama vyombo vingine. Nasma ina vyumba vinne, kila kimoja na choo chake, sebule yenye vioo pande zote, umeme wa jua, friji mbili, na mashine inayogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Mwenye chombo amerudi kwao kwa miaka miwili au zaidi. Anataka chombo kikaliwe, kisiachwe kikaoza, na ameridhia Luay akae na mama yake.

Luay alisifu sana utulivu wa chombo. Mwenyekiti aliuliza kitaacha kuyumba saa ngapi. Alijibiwa kwamba hakijaanza kuyumba.

Mjumbe Khuloud alisema kijana wa miaka thelathini na nne anayetafuta mtu wa kukaa naye hutafuta mke, hamchukui mama yake. Luay alisema suala hilo halimo kwenye ajenda.

KUMB. NA. 4/2/2025: UKAGUZI
Kamati ilipanga kukagua chombo ikiwa na Bi Shamsiya. Kilichotokea ni kwamba Bi Shamsiya alikagua na kamati ikamfuata nyuma.

(a) Vyumba. Alihoji shuka litachomekwa vipi kwenye kitanda kilichobanwa na kuta pande tatu. Luay alionyesha namna ya kupanda juu na kuchomeka kwa magoti. Bi Shamsiya alisema kwamba mchomekaji atakuwa Luay. Kisha alijilaza kujaribu godoro, akafumba macho hata wajumbe wakadhani kapitiwa na usingizi. Alipoulizwa alisema anasikiliza maji chini ya mto, na anaomba wenye la kuzungumza wakazungumzie juu.

(b) Choo. Aliuliza maji ya kujisafishia yako wapi. Luay alionyesha bomba aliloliunga mwenyewe mwezi uliopita. Mjumbe Khuloud alisema kumbe mipango imeanza siku nyingi.

(c) Kibla. Ilibainika kwamba chombo kikiwa kwenye nanga hugeuka kufuata upepo na maji, hivyo mswala uliotandikwa ukielekea kibla wakati wa adhuhuri, alasiri unaweza kuwa umeelekea Pemba. Mwenyekiti aliona kwamba jambo hili peke yake linatosha kumaliza kikao. Bi Shamsiya alimjibu kwamba watu walikuwa wakihiji kwa vyombo vya tanga kabla babu yake hajazaliwa, na walisali njia nzima. Mjumbe Khuloud atamuuliza imamu.

(d) Maji. Bi Shamsiya aliyaonja maji ya mashine, akasema hayana ladha, hata ya kulalamikia. Yalipopikiwa chai alikunywa vikombe viwili.

KUMB. NA. 5/2/2025: SAFARI YA MAJARIBIO
Luay alitweka tanga na chombo kikaelekea Kigombe. Baada ya kutoka ghubani Mwenyekiti alikaimisha kiti kwa Mjumbe Khuloud, akaenda kulala kifudifudi kwenye wavu uliotandazwa mbele. Aliendelea kutoa maelekezo kutoka hapo, lakini si yote yaliyofika.

Bi Shamsiya alikwenda jikoni kupika wali. Katibu alimfuata kumsaidia, akauliza chumvi iko wapi. Bi Shamsiya alisema hajui.

Katibu anaomba kueleza jambo hili, ingawa halimo kwenye ajenda. Kwa miaka kumi na sita aliyoolewa Nguvumali hajapata kumsikia mama mkwe wake akisema hajui kitu kilipo jikoni. Walifungua makabati yote. Walipata vikombe, taa za akiba, buti za mvua na chupa saba za siki. Bi Shamsiya alicheka hadi akakaa chini. Katibu naye alikaa. Chumvi alikuja kuipata Luay, juu ya friji.

Wali ulifaa. Mwenyekiti hakula.

KUMB. NA. 6/2/2025: MJADALA
Chombo kilitia nanga mbele ya Kigombe, na Mwenyekiti akarudi kwenye kiti chake.

Mjumbe Khuloud alipinga. Alieleza kwamba Mama ana presha, kwamba kliniki iko bara, kwamba majirani watasema watoto wamemtupa mama yao baharini, na kwamba Ramadhani bila Mama pale Nguvumali haitakuwa Ramadhani. Alimalizia kwa kumuuliza Katibu moja kwa moja: "Wifi, sema ukweli. Umemfanya nini Mama?"

Katibu alisema yeye ni Katibu.

Mwenyekiti alisema nyumba ina amani na hakuna aliyefanywa lolote. Aliulizwa kama huwa anaingia jikoni. Alisema haingii.

Bi Shamsiya aliomba nafasi. Maneno yake yameandikwa kama alivyoyasema:

"Khuloud, muache mwenzio. Mimi niliingia nyumba ile nikiwa na miaka kumi na tisa. Bibi yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, hakunipigia kelele hata siku moja. Lakini alikaa kwenye kile kigoda cha jikoni mpaka anakufa. Siku ya kwanza niliyopika ninachotaka mimi, vile nitakavyo mimi, nilikuwa na miaka arobaini na mitano. Nililia kwenye sufuria, na nilikuwa nampenda. Ghadir mwakani anatimiza arobaini. Nami nimejijua, nikiwa mle ndani siwezi kunyamaza. Juzi amekata vitunguu, nikavikata tena."

Mjumbe Khuloud aliuliza kwa nini basi Mama asihamie kwake Pongwe. Bi Shamsiya alisema Pongwe kuna jiko lingine la mtu mwingine, na kwamba mwenye jiko hilo naye hukata vitunguu vinene.

Kikao kilisimama kidogo. Yaliyosemwa wakati huo hayakuandikwa, kwa kuwa Katibu hakuwa na kalamu mkononi.

KUMB. NA. 7/2/2025: KURA NA MAAZIMIO
Mjumbe Luay aliunga mkono. Mjumbe Khuloud aliunga mkono, huku akifuta macho, kwa masharti. Mwenyekiti alisema anaunga mkono azimio lolote litakalorudisha chombo bandarini.

Katibu alipinga. Aliomba kura yake iandikwe pamoja na sababu, kwamba jiko la Nguvumali ni kubwa na linatosha watu wawili. Bi Shamsiya alimwambia, "Halitoshi, mwanangu. Nimelipima miaka arobaini na tisa."

Iliazimiwa kwa kura tatu dhidi ya moja kwamba:
(i) Chombo kinafaa. Bi Shamsiya atahamia Jumanne.
(ii) Luay atamleta kliniki kila mwezi, na hatavuka Pangani bila kutoa taarifa kwa Khuloud.
(iii) Idi italiwa Nguvumali. Bi Shamsiya atakuja kama mgeni, na atakaa sebuleni.

Kuhusu (iii), Bi Shamsiya alisema atajitahidi.

KUMB. NA. 8/2/2025: MENGINEYO
Mwenyekiti aliuliza kama inawezekana kurudi Tanga kwa gari kutoka Kigombe. Ilionekana inawezekana. Alishushwa.

KUFUNGA KIKAO
Waliobaki walisoma dua na kikao kikafungwa saa kumi na nusu alasiri, chombo kikiwa njiani kurudi.

NYONGEZA YA KATIBU, Jumatano, 12 Februari 2025
Bi Shamsiya alihama jana kama ilivyoazimiwa. Leo Katibu amepika mchuzi wa papa peke yake, jiko zima likiwa lake. Alipofika kwenye bizari alisita, akampigia simu Bi Shamsiya kumuuliza huwa anatia kiasi gani. Bi Shamsiya alisema amesahau, akakata simu.

Katibu anajua kwamba hajasahau. Alitia kiasi alichotaka.

Marwan Nassor, Mwenyekiti (ametia saini akiwa nchi kavu) ……………………

Ghadir, Katibu ……………………