Besi ya Nyuma ya Pazia

Lam, uko hapo? Natoka kibanda cha chai cha mtaa wa Laitumkhrah sasa hivi, nina hasira hadi nakosea herufi.

Tulikuwa wazee wanne wapiga gitaa la besi kama kila Jumamosi, tunatafuna tambuu, tunalalamikia migongo na uzito wa spika. Mimi nikajisifia nyuzi za besi yangu. Si unazijua, sijazibadilisha miaka ishirini na sita, ule uchafu wa vidole ndio sauti yenyewe.

Nikasema, kwenye harusi ya binti yako zilinguruma mpaka nikazisikia kwenye nyayo. Masikio yameshakufa lakini nyayo hazidanganyi.

Mwenzetu Donbok akacheka hadi tambuu likamtoka mdomoni. LIKAMTOKA, Lam!

"Kaka Kitbok, hiyo uliyoisikia ni besi yangu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Waya wako haukuchomekwa popote. Umekuwa kiziwi, sisi tuko wimbo huu, wewe uko ule."

Haukuchomekwa popote! Wale wengine wawili wakainamia vikombe.

Nikamwambia, mwongo mkubwa wewe, una wivu tangu ujanani. Akajifuta mdomo taratibu. "Kamuulize baba wa bi harusi. Ndiye aliyeniweka pale."

Baba wa bi harusi ni wewe, Lam.

Ulinikumbatia jukwaani huku unalia. Ukasema bila besi yangu harusi isingekuwa harusi.

Tiki zimegeuka bluu.

Naona unaandika. Unaacha. Unaandika. Unaacha.