Moto Ulioelekea Kiti cha Oduor

Dunga,
S.L.P. 1873,
Kisumu.
20 Aprili 1997

Mpendwa wifi yangu Awuor,

Pokea salamu tele kutoka kwetu, na natumaini zitakukuta mzima huko Francistown. Kifua chako kinaendeleaje? Ulisema vumbi la huko linakubana, nami nikakwambia uvute mvuke wa majani ya mkaratusi, ila nakujua, dawa ya bure hujawahi kuiamini. Na wasichana wako wa shule je? Bado wanalia juu ya hesabu, au wameshaelewa kwamba mwalimu wao hatanii?

Sisi hapa hatujambo. Awuor mdogo, jina lako, yuko darasa la tatu na ana maneno mengi kukushinda wewe, jambo ambalo sikudhani lawezekana. Mama Milka, mzazi wenu, yuko nyumbani Seme, magoti yanamsumbua lakini bado anapalilia mwenyewe na kumgombeza kila anayejaribu kumsaidia.

Mvua imeanza. Ziwa limefunikwa na magugu mpaka mgeni akilitazama kwa mbali hudhani ni shamba la mtu. Wavuvi wanakata njia kwa panga ili watoe mashua. Samaki wamepanda bei, lakini hayo utayasikia kwa wengine.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama kawaida yetu. Miaka yote hii tangu niolewe kwenu, Kijaluo changu bado ni cha kununulia samaki, na ninalotaka kukueleza leo halitoshi humo.

Ni juu ya kaka yako Oduor. Usishtuke, hajapatikana, angekuwa amepatikana ningepiga simu hata kama ingebidi nikope. Ni kuhusu lile jambo la yago. Unakumbuka mashua ilipopinduka njiani kutoka Mageta, alikokuwa amekwenda kutengeneza injini, wenzake wawili waliletwa ufukweni na mawimbi, yeye hakuletwa. Ukoo ukataka tuzike tunda la yago mahali pake, jinsi mnavyomfanyia mtu aliyepotelea majini. Mimi nikakataa. Kwetu Bungoma sijawahi kuona mtu akizikiwa tunda refu la mti, likavishwa shuka na kuombewa. Niliona nikikubali tu, ni mimi nitakuwa nimemuua. Wewe peke yako ukasimama nami, ukaniandikia kwamba ziwa lina nchi tatu na mtu anaweza kutokea popote. Kwa hiyo sitaki mabadiliko yangu uyasikie kwa mdomo wa mtu mwingine.

Ili uyaelewe, itabidi uvumilie habari za jiko.

Unalijua lile jiko letu la gesi la vichwa viwili, alilolinunua kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikihamia ng'ambo. Alilibeba begani kutoka mjini kana kwamba ni bibi harusi. Alilifunga mwenyewe chini ya dirisha la jikoni, lile linalotazama ziwa, na kichwa cha kushoto akakifanya chake. Chai yake ilichemshiwa hapo, hapakuwa na mjadala. Kiti chake kilikuwa upande wa ndani, karibu na jiko, akikaa hapo na mikono yenye grisi akinisimulia injini za watu kama daktari anayesimulia wagonjwa.

Tangu mwaka jana kichwa kile kikaanza vituko. Nikiwasha, upande wa dirishani moto unakuwa mdogo, matundu mengine hayawaki kabisa. Upande wa ndani moto unapanda, mrefu, wa manjano, unayumba na kupasukapasuka. Na kila jioni, saa zile Oduor alizokuwa akirudi kutoka ufukweni, moto ule unalala wote kuelekea kwenye kiti chake. Asubuhi hafanyi hivyo. (Unaona nimeandika "hafanyi". Ndivyo nilivyokuwa nimezoea kuusema.)

Wifi, mimi ni mtu wa kanisa na niliposomea ualimu hatukufundishwa pepo. Siku za kwanza nilijicheka. Lakini ukiwa peke yako, jua linazama, na moto unainama mbele ya macho yako kuelekea kiti kitupu, kicheko kinakwisha. Nikaanza kuchemsha chai jioni hata kama sina kiu. Nikaanza kuuambia habari za siku. Nikiuliza neno na ukapasuka, nachukua kwamba amejibu. Masufuria yalitoka meusi kama ya kuni na sikujali. Nilikuogopa wewe tu usije ukajua, na wakati huohuo nilikuwa na furaha. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa na furaha na nilikuwa na hofu, na vyote viwili viliniingia pamoja kila jua lilipoinama.

Mama Milka alipokuja kututembelea mwezi wa pili aliuona. Alisimama mlangoni mwa jikoni, hakuingia. Hakuutazama moto sana. Alitazama dirisha lililokuwa wazi na taa iliyokuwa ikiwaka kabla hata ya giza. Akaniuliza taa hiyo ni ya nani. Nikamwambia ni ya Oduor, kwa sababu akiwa majini alikuwa akiitafuta taa ya jikoni ili ajue pa kuegesha mashua. Nilikuwa sijaizima wala kulifunga dirisha hilo jioni hata moja tangu apotee. Baadaye Mama akasema, "Ukiita ziwa kila siku, itakuja." Nilikasirika. Nilidhani ananitisha ili nikubali yago.

Kilichoniamsha ni mtoto. Siku moja nilichelewa shuleni kwa mkutano wa wazazi. Narudi, namkuta Awuor mdogo jikoni amewasha kichwa cha kushoto, amesimama mikono nyuma, anausomea moto matokeo yake ya mtihani. Kiingereza hivi, hesabu hivi. Akangoja. Moto ukayumba. Akaniangalia akasema, "Mama, Baba amekasirika juu ya hesabu."

Nililishika jiko nikalizima. Sikumpiga wala sikumgombeza, ningemgombeza kwa lipi? Alikuwa ameyaona kwangu. Lakini usingizi ulinikimbia nikifikiria mtoto wa darasa la tatu anayeogopa kupika chai kwa sababu amefeli kugawanya. Oduor akiwa hai hakuwahi kumtisha hata paka.

Asubuhi nikamwita Gakenia. Unamkumbuka, jirani yetu yule wa kutoka Murang'a, anayeuza masufuria na vipuri vya majiko Kibuye. Nilimwambia tu kwamba jiko linatoa moto usio sawa. Mengine niliyaweka moyoni, maana Gakenia akishajua jambo, soko zima linalijua kabla ya saa sita.

Alikuja jioni akitoka sokoni, kitenge chake kiunoni, akafunga mtungi kwanza, akasubiri jiko lipoe. Akainua vile vichwa, akavitia kwenye maji ya moto yenye sabuni. Akaniagiza sindano ya kushonea. Tukakaa kwenye ngazi ya nyuma, yeye anazibua tundu moja moja, mimi nasugua kwa mswaki wa zamani, huku akinisimulia wateja wanaotaka sufuria ya Nairobi kwa bei ya kibuyu. Yalitoka masizi na mabaki ya uji. Tukakausha, tukarudisha, tukawasha. Moto ukaboreka kidogo, lakini bado wa manjano, bado umeinama.

Moyo wangu uliruka, wifi. Nikasema kimoyomoyo, unaona? Bado yupo.

Gakenia akazima. Akasema, "Ngoja, Mama Awuor. Hii haijapata hewa. Iko na kitu kwa koo." Akakitoa tena kichwa, safari hii pamoja na lile bomba fupi la chini linalovuta hewa ichanganyike na gesi, akaligeuza juu ya gazeti na kuligonga kwa mwiko.

Walimwagika sam. Wale wadudu wadogo wa ziwani wasiouma, wanaokuja kama moshi kutoka majini na kufuata taa. Wamekauka, weusi, wameshikamana, ukiwatazama haraka utadhani ni majani ya chai. Aligonga tena, wakatoka wengine. Akachokoa kwa njiti ya ufagio, bado wanatoka. Walijaa gazeti.

"Ai! Wewe unafuga sam?" Gakenia akacheka. "Wacha kufungua dirisha na taa ikiwaka, mama. Hawa wanakuja kwa taa, wanaingia kwa jiko, wanakufa huko. Na upepo ya ziwa nayo inasukuma moto. Hakuna maajabu."

Akainuka, akalivuta dirisha, akapiga komeo. Komeo lilikuwa limeshika kutu likalia. Akawasha kiberiti.

Moto ukatoka wa buluu. Mdogo, wa duara, sawa pande zote, bila sauti. Haukuelekea popote. Nilingoja uiname, nilingoja kweli, nimeshika ukingo wa meza. Haukuinama. Kiti cha Oduor kilikuwa kiti tu, na mto wake wenye doa la grisi.

Nilianza kulia mpaka Gakenia akadhani nimeungua. Alinishika mikono akitafuta mahali ilipobabuka. Ningemwambia nini? Kwamba amekuja kunitengenezea jiko akanifukuzia mume?

Alipoondoka nilibaki na lile gazeti mapajani. Hapo ndipo nilipoona mambo yalivyokuwa. Mimi ndiye niliyewasha taa na kuacha dirisha wazi ili arudi. Taa ikaita wadudu, wadudu wakaziba jiko, dirisha likaleta upepo, moto ukainama. Nami nikauona moto nikasema yupo, basi taa isizimwe. Nimejitengenezea mzuka kwa mikono yangu, Awuor, na nikamlisha Awuor mdogo woga wa mzuka huo. Na neno la Mama lilikuwa kweli tupu: niliita ziwa, likaja, likakaa ndani ya jiko langu. Ila yeye hakuwamo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Seme peke yangu. Nilimkuta Mama akipepeta mahindi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kuhusu kanisa na ukoo na mengineyo. Yote yalinitoka. Nikasema tu, "Mama, mzikeni."

Hakuacha kupepeta mara moja. Alimaliza yale yaliyokuwa kwenye ungo, akauweka chini, akanivuta nikae kando yake. Akaniambia, "Oduor mimi nilijua iko kwa maji siku ileile. Mtu nilikuwa nangoja ni wewe, nyathina."

Nyathina, mtoto wangu, hakuwahi kuniita hivyo. Nilikuwa nikidhani miaka hii yote ananichukia kwa kumnyima mwanawe mazishi. Kumbe wazee walikuwa tayari kuzika bila mimi, na yeye ndiye aliyewazuia. Alinionyesha mti wa yago kule karibu na mto, na tunda ambalo amekuwa akilitazama likikua. Kaburi litakuwa upande wa kulia wa nyumba yetu, jinsi inavyotakiwa.

Mazishi yatakuwa mwezi wa nane, shule zikifungwa, ili nawe upate nafasi. Mama anasema bila dada yake wa kumlilia haitakuwa sawa, na mimi nasema hivyohivyo. Hayo mengine ambayo wanaume wa ukoo huzungumza baada ya kumzika mtu, kuhusu nani atamchukua mke wake, unaujua msimamo wangu. Nimewaambia mapema wasijisumbue kunyoa ndevu.

Sasa nina ombi moja, na ni zito kwangu kuliko yote niliyoandika. Ile barua yako ya Desemba, kuhusu mtu aliyeonekana Musoma, mwenye kovu kwenye nyusi, anayetengeneza injini. Najua uliiandika kwa upendo. Niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Lakini nakuomba, wifi, usinitafutie tena mtu wa Musoma, wala wa Mwanza, wala wa Jinja. Ukimwona yeyote, mwache aende zake. Najua ninapokuandikia hivi nakuondolea na wewe kaka, kwa kuwa tulibaki wawili tuliokuwa tukimngoja. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, kisha upande basi uje.

Awuor mdogo nimemweleza kuhusu wadudu. Alilichungulia lile bomba kwa muda mrefu, kisha akauliza kama sasa Baba hatajua akipita mtihani. Nikamkumbatia.

Mama Milka anakusalimu sana, anataka umletee blanketi zito. Shemeji Opiyo na watu wake wa Kondele wanakusalimu. Gakenia naye anasema urudi na mume, wa huko au wa hapa, yeye hachagui. Nisalimie walimu wenzako, na yule mama anayekupangisha.

Mungu akulinde njiani na akufikishe kwetu salama, ili hili tulipite tukiwa tumeshikana.

Mimi wifi yako akupendaye sana,

Nelima,
mjane wa Oduor.